Je, Yafaa Kufuta Yaliyo Katikati?

Kuna jambo moja ambalo walimu hulifundisha katika elimu ya kemia, nalo lafaa kufikiriwa na watu wote, hata wale ambao hawajapata kuisoma elimu hiyo. Jambo lenyewe ni hili: kazi yenye hatua nyingi yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja tu, yaani vitu vilivyoingia mwanzoni na vitu vilivyotoka mwishoni. Vyote vilivyozaliwa katikati na kutumika papo hapo katikati hufutwa. Mwanafunzi akifuta vema hupewa alama zake, na ni haki yake.

Lakini sisi twataka kuuliza zaidi. Je, kanuni hii ya kufuta yaliyo katikati ni kanuni ya haki pia? Maana twaona watu wakiitumia katika mambo yasiyo ya kemia hata kidogo. Mtu akitajirika, watu hutazama alichoanza nacho na alichonacho sasa, kisha husema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Hatua za katikati hakuna aziulizaye. Basi yatupasa kwanza tuifahamu kanuni yenyewe jinsi ilivyo, ndipo tuweze kusema mahali inapofaa na mahali isipofaa.

Tuanze sokoni, maana huko kila mtu ni mwanafunzi. Tuseme mkulima wa Mbozi ampelekea mnunuzi wa Tunduma gunia la mahindi, apata shilingi. Ng'ambo ya mpaka, huko Nakonde katika nchi ya Zambia, kuna kitenge akitakacho kwa mkewe. Basi abadili shilingi zake apate kwacha, avuka mpaka, na kwa kwacha zile anunua kitenge. Kazi hiyo ina hatua tatu: mahindi yamekuwa shilingi, shilingi zimekuwa kwacha, kwacha zimekuwa kitenge. Shilingi ziliingia mkononi mwake zikatoka. Kwacha nazo vivyo hivyo. Jioni akiulizwa habari za safari, aweza kujibu kwa neno moja, "Gunia la mahindi limekuwa kitenge." Jibu lake ni la kweli, wala hakuna awezaye kumlaumu.

Hata hivyo jibu hilo lina sharti. Kinachofutwa lazima kiwe sawasawa pande zote mbili. Kama alipata kwacha 500 na kitenge kimemgharimu 480, hana ruhusa kuzifuta zote. 20 zimo mfukoni, hana budi kuzitaja. Vilevile kama alikopa kwacha 20 kwa rafiki ili zitimie, deni hilo lazima liandikwe. Akilificha, hiyo si hesabu tena, ni hila. Sharti hilo ndilo sharti la kemia pia, kwa kuwa katika kemia hakuna chembe hata moja inayopotea wala inayotokea bila asili. Zilizoingia ndizo zitokazo, ila zimebadili majirani zake.

Sasa tuchukue mfano wa kemia yenyewe, nao tunao katika nchi yetu tangu zamani. Huko Ndolezi, Mbozi, katika mkoa uitwao Songwe tangu mwaka 2016, kipo kimondo ambacho habari zake zilienea duniani kuanzia mwaka 1930. Urefu wake ni karibu mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi. Katika kila sehemu 100 za kimondo hicho, 90 hivi ni chuma. Chuma hicho kilitujia kutoka angani kikiwa huru. Lakini chuma kilichomo katika udongo wetu hakiko huru. Kimefungamana na oksijeni, ile sehemu ya hewa tuivutayo kwa uhai wetu, kama chuma kilichokwisha kuwa kutu. Kutu haiwezi kuwa jembe mpaka oksijeni iondolewe.

Wazee wa Unyiha na Ufipa waliijua kazi hiyo kabla ya majembe ya kigeni kufika. Walijenga matanuru ya udongo, marefu kuliko mtu, yenye matundu chini ya kuvutia hewa. Walitia makaa ya miti na mawe yenye chuma, wakawasha. Chuma kilichopatikana walikisafisha tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi alipokifua. Majembe ya viwandani yalipoenea kazi hiyo ilikoma, lakini mavi ya chuma bado huonekana mahali mahali, nayo ni ushahidi.

Je, ndani ya tanuru ilitendeka nini? Elimu ya leo yatueleza hatua kubwa tatu. Katika maandishi haya herufi C ni kaboni, ambayo ndiyo makaa; O ni oksijeni; Fe ni chuma; na alama ya = tuisome "hugeuka kuwa."

Hatua ya kwanza: makaa huungua kwa hewa, yakatoa hewa ukaa.
C + O₂ = CO₂

Hatua ya pili: hewa ukaa hiyo hupanda kati ya makaa mengine yenye moto mkali, ikageuka kuwa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi.
CO₂ + C = 2CO

Hatua ya tatu: kaboni monoksaidi huupata udongo wa chuma, huinyang'anya oksijeni yake, na chuma hubaki peke yake.
Fe₂O₃ + 3CO = 2Fe + 3CO₂

Tukitaka kuzijumlisha hatua hizi, hatuwezi kuzijumlisha hivi hivi, maana hatua ya pili imetoa kaboni monoksaidi 2 tu, na ya tatu yataka 3. Ni kama yule mkulima mwenye kwacha zisizotosha. Kwa hiyo twazidisha: hatua ya kwanza mara 3, ya pili mara 3, ya tatu mara 2. Twapata hivi:

3C + 3O₂ = 3CO₂
3CO₂ + 3C = 6CO
2Fe₂O₃ + 6CO = 4Fe + 6CO₂

Sasa tazameni. Hewa ukaa 3 zilizozaliwa katika mstari wa kwanza zimetumika zote katika mstari wa pili, tuzifute. Kaboni monoksaidi 6 zilizozaliwa katika mstari wa pili zimetumika zote katika wa tatu, tuzifute nazo. Kinachobaki ni mstari mmoja:

2Fe₂O₃ + 6C + 3O₂ = 4Fe + 6CO₂

Msomaji apendaye kuhakikisha na ahesabu: chuma 4 kwa 4, kaboni 6 kwa 6, oksijeni 12 kwa 12. Mizani imekaa sawa. Udongo, makaa na hewa vimekuwa chuma na hewa ukaa. Kazi ya siku na usiku imekaa katika mstari mfupi ambao mtoto aweza kuushika kwa moyo.

Hatuna budi kuusifu mstari huu. Una uaminifu mkubwa. Hauruhusu mtu kudai kwamba alipata kitu bila kutoa kitu. Tena watuwezesha kukadiria: kwa kilo 1 ya chuma, kaboni ihitajiwayo ni karibu theluthi moja ya kilo. Lakini hapo hapo twaanza kuona upungufu wake. Wazee walipoyeyusha chuma, makaa waliyoyatia yalikuwa mara kadhaa ya uzito wa chuma walichokipata. Theluthi ile yatosha kwa kuondoa oksijeni tu. Makaa mengine yaliungua ili kutia joto na kulidumisha, na joto likatoka likaenda zake. Miti iliyokatwa, jasho la waliochoma makaa na vichwa vilivyoyabeba havimo katika mstari wetu. Hatusemi kwamba mstari wadanganya, ila twasema kuwa umenyamaza. Na mtu asikiaye ukimya akaudhani kuwa ni neno, atakosea yeye mwenyewe.

Tena yuko mwingine aliyefutwa, nayo ni ile kaboni monoksaidi. Fikirini, wasomaji: ndiyo iliyofanya kazi. Ndiyo iliyoingia katika kila tundu la udongo ikamwachisha chuma oksijeni yake. Makaa hayakuweza kufika huko kwa nguvu zake yenyewe, maana ni mawe mawili yanayogusana kwa nje tu. Lakini katika mstari wa mwisho jina la mtendaji halimo. Mtu asomaye mstari huo peke yake hawezi hata kudhani kwamba hewa hiyo ilipata kuwapo.

Na jambo hili si la matanuru ya zamani tu. Hewa hiyo hiyo huzaliwa katika jiko la makaa nyumbani mwetu. Katika jiko lililo mahali pa wazi, makaa hutoa kaboni monoksaidi, nayo ikifika juu hukutana na hewa nyingi, huungua kwa ndimi ndogo za samawati, ikageuka kuwa hewa ukaa. Ukijumlisha na kufuta, mstari wasema: makaa na oksijeni vimekuwa hewa ukaa. Kaboni monoksaidi haipo tena katika hesabu. Lakini miezi ya Juni na Julai, baridi inapouma katika nyanda za Mbozi na Tunduma, mtu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha na mlango, akalala. Hewa ya chumbani hupungua, hatua ya mwisho haikamiliki, na kile kilichotazamiwa kufutwa hubaki. Hakina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na uzito, hudhani ni usingizi. Na wengine hawakuamka tena.

Basi hapa twapata fundisho la kwanza: mstari wa jumla ni kweli kwa kazi iliyokamilika, lakini si kweli kwa kazi iliyokatika njiani. Kwa sababu hiyo twawasihi wasomaji wetu: jiko na litolewe nje kabla ya kulala, wala mtu asitumainie makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, maana nayo yangali yakitoa hewa hiyo. Na yeyote atakayemkuta mwenzake amelemewa chumbani, amtoe nje penye hewa upesi, kisha ampeleke hospitali.

Fundisho la pili ni gumu zaidi, nalo lahusu haki hasa. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kimoja kilianza mwaka 1932 kutengeneza dawa ya viwandani iitwayo asetaldehaidi. Mstari wake wa jumla ni mwepisi na safi:

C₂H₂ + H₂O = C₂H₄O

Maana yake, gesi ya asetilini na maji huwa asetaldehaidi. H ni haidrojeni. Hakuna sumu ya kutisha inayoonekana hapo. Lakini kazi hiyo haikuweza kwenda bila msaidizi, naye alikuwa zebaki. Zebaki iliingia katika hatua ya mwanzo ikatoka katika hatua ya mwisho. Kwa hiyo, kwa kanuni, ilifutwa. Katika karatasi ilifutwa, lakini katika kiwanda sehemu yake iligeuka kuwa zebaki ya namna mbaya kuliko zote, ikamwagwa ghubani pamoja na maji machafu. Samaki waliila, paka na watu wakala samaki. Paka walirukaruka kama wenye wazimu wakafa. Watu walitetemeka, wakapoteza kuona na kusema. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1956, lakini kiwanda hakikuacha kazi hiyo mpaka mwaka 1968. Muda huo wote mstari ulikuwa sahihi. Mwalimu yeyote angeupa alama zote.

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Katika Wilaya ya Songwe, pande za Mkwajuni na Saza, kuna dhahabu ya machimbo ya Lupa, ambayo iliwavuta wengi tangu miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo husaga mawe, huchanganya unga wake na zebaki, na zebaki huishika dhahabu. Kisha donge hilo huchomwa motoni. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Hatua ni mbili: dhahabu imeungana na zebaki, kisha imeachana nayo. Jumlisheni, futeni, na mtapata kwamba mchanga wenye dhahabu umekuwa dhahabu. Mfukoni mwa mchimbaji hesabu hiyo ni sawa kabisa. Lakini zebaki haikufutika. Imo kifuani mwa yule aliyechoma, imo katika mwili wa mke wake mwenye mimba aliyekaa karibu na moto, imo katika vijito viendavyo ziwa Rukwa. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013 kupunguza matumizi ya zebaki, mapatano hayo yakaitwa kwa jina la Minamata, na Tanzania imo. Lakini mapatano hayana mikono. Yataka mtu wa kuyashika huko huko penye moto.

Hapa twajua kwamba mtu mwenye busara atatupinga. Atasema, "Ninyi mwataka tusifute neno lolote. Nani awezaye kuishi hivyo? Mkulima yule akianza kueleza kila shilingi na kila hatua ya mguu, usiku utakwisha. Tena dhahabu hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Mwisho mwema si kitu?"

Maneno hayo yana nguvu, nasi twayajibu kwa heshima. Kwanza, hatukatazi kufuta. Kufuta ni msaada wa akili, na asiyejua kufuta hatafahamu mambo makubwa kamwe. Twakataza kufuta bila kutimiza sharti lake. Sharti, kama tulivyosema, ni kwamba kilichoingia kiwe kimetoka sawasawa. Shilingi ya mkulima ilitoka sawasawa, ifutwe. Kaboni monoksaidi ya tanuru iliyokwisha kugeuka yote, ifutwe. Lakini zebaki iliyoingia kifuani haikutoka sawasawa. Afya ya mtoto iliyoharibika tumboni mwa mamaye hairudi upande wa pili wa mizani. Hicho si kitu cha katikati tena. Ni kitu cha mwisho, na mahali pake ni katika mstari wa mwisho, karibu na dhahabu, kwa herufi zile zile. Ndipo tuulize kama kazi ile ilikuwa njema. Huenda tukajibu ndiyo, huenda tukajibu siyo, huenda tukasema ifanywe kwa njia nyingine, kama kwa chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke wa zebaki na kuurudisha. Lakini jibu lolote tutakalolitoa litakuwa jibu la hesabu nzima.

Pili, neno la "mwisho mwema" latutaka tuulize: mwisho wa nani? Aliyepata nyumba ya bati na aliyepata kutetemeka mikono mara nyingi si mtu mmoja. Katika kemia chembe moja ya oksijeni haina tofauti na nyingine, kwa hiyo twaweza kuondoa hii kwa ajili ya ile bila dhuluma. Watu hawako hivyo. Maumivu ya huyu hayafutwi kwa furaha ya yule, hata yakilingana kwa uzito. Nadhani hapa ndipo kanuni ya kemia na kanuni ya haki zinapoachana, kila moja ikashika njia yake.

Basi walio katikati ni wa namna mbili, nasi tuna deni kwao wote. Wako wanaofanya kazi halafu majina yao hayaonekani, kama ile hewa ya tanuruni: waliochoma makaa, waliobeba maji ya kufyatulia matofali ya shule, bibi aliyelea wajukuu ili mama yao aende shamba la kahawa. Hao twawadai shukrani, la, tuseme vema: wao ndio watudaio shukrani. Na wako wanaoumizwa katika njia ya kuufikia mwisho wetu, nao watudai zaidi ya shukrani; watudai kukoma, na kuwatengenezea. Kalamu inayowafuta ni moja, wala haiwatofautishi. Kwa hiyo kazi ya kuwatofautisha ni yetu.

Twamaliza kwa ombi kwa watu wa namna mbili. Walimu wenzetu, mkifundisha kujumlisha hatua za kemia, msiwaruhusu watoto kuandika mstari wa mwisho tu. Waandike hatua zote kwanza, wafute kwa mstari mwembamba ambao chini yake herufi bado zasomeka, na kando yake waandike kitu hicho kilikwenda wapi. Nanyi wazee wa vijiji na wa vyama vya ushirika, mnapoleta mbele ya mkutano hesabu ya mwaka, ya kahawa au ya machimbo au ya ujenzi, fanyeni vivyo hivyo. Someni kwanza hatua, ndipo msome jumla. Na mtu akisimama kuuliza, "Kile kilichokuwa katikati kimekwenda wapi?" asiambiwe kwamba apoteza wakati wa watu. Ajibiwe.